Tathmini ya Wanafunzi kwa Wahadhiri: Namna ya Kuitunga, Kuisoma na Kuitumia kwa Haki

Muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu huombwa wajaze fomu ya kumtathmini mwalimu aliyewafundisha. Vyuo vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda vina utaratibu huo, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, linahesabu maoni ya wanafunzi kuwa sehemu ya mfumo wa kulinda ubora. Kuuliza tunauliza. Majibu ndiyo yanayopotea: ofisi ya ubora inajumlisha, inatoa wastani wa 3.8 kati ya 5, namba inaingia kwenye faili la mhadhiri, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine analalamikia jambo lile lile katika ukumbi ule ule.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara, mratibu wa ubora wa kitivo au ndaki, na mhadhiri aliyekabidhiwa ripoti yake akawa hajui aanzie wapi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mwanafunzi ni shahidi wa yaliyotokea darasani, tena shahidi muhimu, kwa sababu hakuna mtu mwingine chuoni aliyekaa vipindi vyote vya kozi ile. Shahidi husikilizwa kwa makini, ushahidi wake hupimwa na ushahidi mwingine, na haachiwi kutoa hukumu peke yake.

Hatua ya 1: Amua fomu ni ya kazi gani

Fomu hizi zilianza kutumika kwa utaratibu huko Marekani miaka ya 1920, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue. Tangu enzi hizo zimebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kumsaidia mwalimu arekebishe ufundishaji wake. Ya pili ni kumpima: apandishwe cheo, aongezewe mkataba, au aonywe.

Fomu moja ikifanya kazi zote mbili, kazi ya kwanza hufa. Mwalimu wa mkataba anayejua kwamba namba ile ndiyo itakayoamua riziki yake atapunguza mazoezi magumu, atatoa maswali ya mtihani yanayofanana na madesa, yaani nakala za maswali na majibu ya zamani, yanayozunguka kwa wanafunzi, na atasahihisha kwa mkono mwepesi. Simlaumu, mfumo ndio umemfundisha hivyo.

Uko utafiti mmoja ambao kila mkuu wa idara angepaswa kuujua. Scott Carrell na James West walichunguza Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa mwalimu bila kuchagua na wote hufanya mtihani mmoja. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Walimu ambao wanafunzi wao walifaulu vizuri katika kozi ya mwanzo walipewa alama nzuri za tathmini. Lakini wanafunzi hao hao walipofika kwenye kozi za juu zinazojengwa juu ya ile ya kwanza, walifanya vibaya kuliko wenzao. Waliofanya vizuri baadaye ni wale waliofundishwa na walimu wazoefu, ambao walikuwa wamepewa alama za chini. Yaani mwanafunzi alikuwa akilipa leo kwa kile kilichomfaa leo, na hasara akaijua wakati fomu imeshafungwa.

Kwa hiyo tenganisha. Weka fomu fupi ya katikati ya muhula, wiki ya 5 au ya 6, ambayo ni mali ya mwalimu: anaikusanya mwenyewe, anaisoma mwenyewe, haifiki kwa mkuu wa idara. Fomu ya mwisho wa muhula ndiyo inayokwenda idarani. Juu ya kila fomu andika nani ataisoma na itatumika kwa jambo gani. Mwanafunzi akijua hivyo huandika tofauti, na mwalimu vilevile husoma tofauti.

Hatua ya 2: Uliza kile ambacho mwanafunzi alikiona

Fomu nyingi nilizoziona zina maswali 20 au 30, na nusu yake mwanafunzi hana namna ya kuyajibu. "Je, mwalimu ana ujuzi wa kutosha wa somo lake?" Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje? "Je, marejeo yaliyotumika ni ya kisasa?" Hilo waulizwe walimu wenzake na mtahini wa nje.

Mwaka 1970, huko Marekani, mwigizaji aitwaye Michael Fox alitambulishwa mbele ya wataalamu wa afya ya akili kama Dk. Myron L. Fox. Alitoa mhadhara kuhusu matumizi ya nadharia ya michezo ya kihisabati katika elimu ya madaktari, somo ambalo hakulijua hata kidogo. Alikuwa amefundishwa kuongea kwa uchangamfu, kuchekesha na kujipinga mwenyewe bila kuonekana. Wasikilizaji walimpa alama nzuri. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na wale walikuwa watu wazima wenye shahada zao. Tusimtwishe kijana wa miaka 19 mzigo wa kupima kina cha elimu ya profesa.

Maswali yanayofaa ni ya ushahidi. Mwalimu alifika kwenye vipindi vingapi kati ya vilivyopangwa? Testi ilirudi baada ya wiki ngapi, na ilirudi na maelezo au na alama tupu? Ulipouliza swali, ulijibiwa? Ulikuwa unamsikia kutoka ulipokaa? Muhtasari wa kozi mliupata wiki ya kwanza? Kazi mlizopewa zilihusiana na mliyofundishwa? Maswali 8 hadi 10 ya namna hii yanatosha, pamoja na mawili ya kuandika kwa maneno: ni kitu gani kilikusaidia zaidi kujifunza katika kozi hii, na ni kitu gani kimoja ungependa kibadilishwe.

Angalia pia jina lililo juu ya fomu. Kwetu ni kawaida kozi moja kufundishwa na watu wawili au watatu, na semina zikaongozwa na mhadhiri msaidizi. Fomu ikiwa na jina moja tu, mwanafunzi humtathmini aliyemwona mwisho, au aliyemkera zaidi, na matokeo humwangukia aliyeandikwa. Kila aliyefundisha awe na fomu yake, hata kama ni ya maswali manne.

Suala la lugha nalo linapuuzwa sana. Lugha ya kufundishia katika vyuo vya Tanzania ni Kiingereza, na fomu huja kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaandika neno moja au mawili yasiyo na uzito, kisha anaacha. Weka sentensi moja kwenye fomu: unaweza kuandika maoni yako kwa Kiswahili. Maelezo yatakuwa marefu zaidi, na yatakuwa mahususi. "Anaruka hatua ya tatu kila anapotatua hesabu, halafu anasema inajulikana" ni maoni ambayo mwalimu anaweza kuyafanyia kazi kesho yake asubuhi.

Hatua ya 3: Chagua siku, na linda usiri

Fomu ya mwisho ijazwe wiki mbili kabla ya mitihani. Ikijazwa baada ya matokeo kutoka, utakuwa umekusanya hasira za waliopata sapu, yaani wanaotakiwa kurudia mtihani, na furaha za waliopata A.

Ijazwe darasani, kwenye simu au karatasi, dakika 10 za mwanzo wa kipindi. Mwalimu atoke nje, na kiongozi wa darasa asimamie. Tukiwaachia wanafunzi wajaze kwa muda wao, wanaojaza ni wachache. Baadhi ya vyuo vimejaribu kulitatua hilo kwa kufunga matokeo ya mitihani mpaka mwanafunzi ajaze fomu kwenye mfumo. Idadi inapanda kweli, ila thamani inashuka: mtu mwenye kozi saba na hamu ya kuona matokeo yake anabonyeza 4, 4, 4 kuanzia juu mpaka chini. Kama chuo chako kina utaratibu huo na huwezi kuubadilisha, angalau waombe wataalamu wa mfumo wakutengee fomu ambazo majibu yake yote ni namba moja, uzisome peke yake.

Siku hiyo isiwe na takrima yoyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walichapisha mwaka 2018 jaribio ambalo baadhi ya makundi ya wanafunzi wa udaktari yaliwekewa biskuti za chokoleti kwenye kipindi. Makundi hayo yaliwapa alama za juu zaidi walimu, na hata vifaa vya kozi, ilhali kozi ilikuwa ile ile.

Halafu usiri. Mwanafunzi wetu anaogopa, na ana sababu: mwalimu yule yule anayetathminiwa ndiye atakayesahihisha mtihani wake. Mfumo unapomtaka aingie kwa namba yake ya usajili, moyoni anaamini jina lake litaonekana, hata akiambiwa vinginevyo. Weka kanuni mbili na uzitangaze. Ripoti haifunguliwi kwa mwalimu mpaka alama za kozi ziwe zimepitishwa na bodi ya mitihani. Na darasa lenye wanafunzi chini ya 8, kwa mfano la uzamili, halitolewi ripoti yake peke yake. Majibu ya mihula miwili au mitatu yanaunganishwa. Darasa la watu watano kila mwalimu anajua nani anaandika vipi.

Hatua ya 4: Soma mtawanyo kabla ya wastani

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mfano wa kozi yenye wanafunzi 180. Waliojaza ni 36. Kabla ya kuangalia kitu kingine, andika juu ya karatasi: mmoja kati ya watano. Wanne kati ya watano hawakusema kitu, na huwezi kuwasemea.

Swali ni "Maelezo ya mwalimu yalieleweka". Wastani uliotolewa ni 3.1 kati ya 5. Mkuu wa idara mwenye haraka ataandika "wastani, ajitahidi". Sasa fungua majibu yenyewe: waliotoa 5 ni 14, waliotoa 4 ni 4, waliotoa 3 ni 2, waliotoa 2 ni 5, na waliotoa 1 ni 11. Ni watu wawili tu kati ya 36 walioona ufundishaji ule ni wa kati. Waliobaki wamegawanyika pande mbili, 18 upande wa kuelewa na 16 upande wa kutoelewa. Ule wastani wa 3.1 unamweleza mwalimu ambaye hayupo.

Swali la maana sasa ni hili: nini kinawatenganisha? Rudi kwenye swali la kusikia. Ukikuta wale waliotoa 1 ndio waliosema hawakumsikia, basi una ukumbi wa watu 180 usio na kipaza sauti, na wanaofika saa moja na nusu asubuhi wanakaa mbele huku wanaotoka mbali kwa daladala wanakaa nyuma. Dawa yake ni ombi la kipaza sauti kwa afisa mipango. Barua ya onyo kwa mhadhiri isingeongeza sauti hata kidogo. Sababu nyingine inayojitokeza mara kwa mara ni mchanganyiko wa waliotoka kidato cha sita na waliotoka stashahada: kundi moja limeshalisoma somo, lingine linaliona kwa mara ya kwanza.

Darasa dogo lina hatari yake. Katika darasa la watu 12, mwanafunzi mmoja akishusha jibu lake kutoka 5 hadi 1 anapunguza wastani kwa 0.33. Kwa hiyo usimweke mwenye 4.2 juu ya mwenye 4.0 kwenye orodha, na ile tabia ya kubandika majina ya walimu kwa mpangilio wa wastani iachwe kabisa. Mwalimu wa takwimu kwa mwaka wa kwanza, kozi ya lazima inayoogopwa na kila mtu, hapimwi na mwalimu wa kozi ya hiari ya watu 15 waliojichagulia wenyewe. Mlinganishe mwalimu na yeye mwenyewe: kozi hii hii, mwaka jana na mwaka juzi.

Hatua ya 5: Fahamu upendeleo, kisha hakiki kwa kumbukumbu

Wanawake walimu hupunjwa. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, wasaidizi wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina kwenye baadhi ya makundi, na wanafunzi hawakuwaona kwa macho. Yule aliyedhaniwa ni mwanamume alipata alama za juu zaidi, awe nani kwa kweli. Kazi zilirudishwa kwa muda ule ule kwenye makundi yote, lakini kwenye kurudisha kazi kwa wakati "mwanamume" alipewa 4.35 na "mwanamke" 3.55. Wanafunzi walikuwa wachache, 43 tu, lakini uchunguzi wa fomu zaidi ya 20,000 za Ufaransa ulionyesha pia kwamba walimu wa kiume walipendelewa, hasa na wanafunzi wa kiume, bila wanafunzi wao kufaulu zaidi katika mtihani wa mwisho.

Ona uzito wa jambo hilo: hata kitu kinachoonekana, kama tarehe ya kurudi kwa kazi, shahidi anaweza kukiona kupitia mazoea yake. Kwa hiyo kinachoweza kuhesabika kihesabiwe. Mahudhurio ya mwalimu yalinganishwe na fomu za vipindi zinazosainiwa na kiongozi wa darasa, na muda wa kurudisha testi ulinganishwe na tarehe ambayo alama ziliingizwa kwenye mfumo. Ushahidi wa fomu ukipishana na kumbukumbu, fuata kumbukumbu.

Hatua ya 6: Pitia maoni ya maandishi kwa mkono

Usimkabidhi mwalimu maoni ghafi. Mratibu wa ubora ayasome kwanza na kuyagawa. Yale ya mavazi, umbo, kabila, dini, sauti ya kike au lafudhi ya kwao yaondolewe. Hayana kazi katika ripoti ya ufundishaji, na yameumiza watu wengi wazuri. Yanayobaki yapangwe kwa mambo: mpangilio wa kozi, maelezo, kazi na testi, mwenendo darasani. Jambo lililotajwa na watu 9 lipewe nafasi yake, na lile la mtu mmoja liandikwe kuwa ni la mtu mmoja.

Kuna aina moja ya maoni ambayo haisubiri kupangwa. Mwanafunzi akiandika kwamba mwalimu alimtaka kimapenzi ili ampe alama, au alidai fedha, hiyo si tathmini tena. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007. Maoni hayo yaondolewe kwenye ripoti, yapelekwe siku hiyo hiyo kwenye dawati la jinsia la chuo na ngazi inayohusika, na mwalimu asiyaone. Chini ya kila fomu kuwe na maelezo ya mahali pa kulalamikia na namba ya TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa, ili mwanafunzi asilazimike kuficha kilio chake ndani ya fomu ya kupima slaidi.

Hatua ya 7: Kikao cha upandishaji vyeo

Mwaka 1981 Peter Cohen alijumuisha tafiti nyingi akaonyesha kwamba walimu wenye alama za juu za tathmini huwa na wanafunzi wanaofaulu zaidi. Vyuo vilijengea sera zao juu ya matokeo ya aina hiyo. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walizirudia tafiti zile na kuongeza nyingine, wakakuta kwamba matokeo yale yalibebwa na tafiti za madarasa machache. Ukizipa uzito tafiti kubwa, uhusiano huo unakaribia kutoweka. Mwaka uliofuata msuluhishi William Kaplan wa Kanada aliamua kwamba Chuo Kikuu cha Ryerson, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan, kisitumie wastani wa fomu za wanafunzi kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo.

Si lazima tufute fomu. Kamati idai faili lenye vitu vitatu zaidi: ripoti ya mwalimu mwenzake mwandamizi aliyeketi darasani angalau mara mbili, muhtasari wa kozi pamoja na mtihani uliopitiwa na mtahini wa nje, na ukurasa mmoja wa mwalimu mwenyewe akieleza wanafunzi walisema nini mihula mitatu iliyopita na alibadilisha nini. Ukurasa huo ndio ningeusoma kwanza. Mwenye wastani wa 3.4 aliyebadilisha namna ya kurudisha testi na akaonyesha ushahidi ananipa imani kuliko mwenye 4.6 ambaye hajawahi kufungua ripoti yake.

Hatua ya 8: Kaa na mwalimu, kisha rudisha majibu kwa wanafunzi

Kikao na mwalimu kiwe cha watu wawili, mlango umefungwa, na yeye awe amepewa ripoti siku mbili kabla. Anza kwa kumwuliza yeye ameona nini. Wahadhiri vijana hukariri maoni mabaya matatu na kusahau mazuri 30. Wasomee yale mazuri kwa sauti. Chagueni jambo moja au mawili ya kurekebisha muhula ujao, basi. Mwalimu akiwa mwandamizi kwako kwa umri au cheo, nenda ofisini kwake badala ya kumwita kwako. Shikamoo yako isipungue, na ripoti nayo isipunguzwe.

Kwa wanafunzi toa karatasi moja, isiyo na alama za mtu, ibandikwe ubaoni na itumwe kwa viongozi wa madarasa waiweke kwenye makundi yao ya WhatsApp. Iseme mlichosema, tulichobadilisha, na tusichoweza kubadilisha pamoja na sababu yake: testi sasa zitarudi ndani ya wiki tatu, kipaza sauti kimeombwa na tutawajulisha, kipindi cha Ijumaa jioni kimebaki pale pale kwa sababu ukumbi mwingine wenye nafasi 180 haupo. Mwalimu airudie kwa mdomo kwenye kipindi cha kwanza cha muhula unaofuata, hata kama darasa lililopo mbele yake ni jipya. Nakala ihifadhiwe kwenye faili la kozi, pembeni ya lile la mwalimu, ili atakayekabidhiwa kozi hiyo mwaka ujao aikute.